Ziba nyufa za sakafu, umnyime funza makao

Kiangazi kinapoingia, kati ya mwezi wa Desemba na Februari, malalamiko ni yale yale katika vijiji vya Adungosi na vingine vilivyo kando ya barabara itokayo Busia kwenda Malaba. Mtoto anajikuna kidole cha mguu usiku kucha. Asubuhi inatafutwa pini, funza anatolewa, kisha pini ile ile inapitishwa kwa ndugu yake. Baada ya siku chache mtoto huyo huyo ana funza wengine wawili, na safari hii wamo kisiginoni.

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto huyo ni mchafu au hapendi kunawa miguu. Wengine husema ni laana ya ukoo. Hayo yote si kweli. Mguu wa mtoto ni mahali funza anapokuja kula na kutaga mayai tu. Makao yake hasa yako kwenye sakafu, ndani ya vumbi lililojaa katika nyufa, chini ya kitanda na pembeni mwa kuta. Anayetibu mguu na kuiacha sakafu ilivyo ni sawa na anayefagia maji huku paa likivuja.

Katika makala haya tutaeleza jinsi funza anavyoishi katika nyufa za sakafu ya udongo, madhara anayoleta, na namna ya kuziba nyufa hizo kwa vitu vinavyopatikana nyumbani. Mwishoni tutawagusia pia wale wenye sakafu za mbao.

Funza ni mdudu gani?

Funza ni jamii ya kiroboto, tena ndiye mdogo kuliko viroboto wote. Urefu wake ni kama milimita moja tu. Hakuwa mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Mwaka 1872 aliingia Angola kwa meli iliyotoka Brazil ikiwa imebeba mchanga wa kuipa uzito. Kutoka huko alisafiri na misafara ya wachukuzi, wafanyabiashara na wavumbuzi, na kabla ya karne ya 19 kuisha alikuwa amekwisha kufika Afrika Mashariki.

Funza jike ndiye anayejichimbia katika ngozi. Hupenda sehemu za kando ya kucha, katikati ya vidole na kisigino, kwa sababu hawezi kuruka juu sana. Akishaingia, huacha tundu dogo la kupumulia na kutolea mayai, kisha hufura kwa muda wa siku kumi hivi hadi kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Hutaga mayai zaidi ya mia moja, na baada ya wiki nne au tano hufia humo humo ndani ya ngozi.

Sasa msomaji ajiulize: hayo mayai huenda wapi? Hayabaki mguuni. Hudondoka chini mahali mtoto anapokaa, anapocheza, na zaidi ya yote anapolala. Yakianguka juu ya sakafu ngumu iliyo laini, hufagiliwa na kutupwa nje. Yakianguka katika ufa wenye vumbi kavu, ufagio hauyafikii. Baada ya siku chache huanguliwa, na mabuu hula uchafu mdogo mdogo uliomo katika vumbi. Halafu kila buu hujifungia ndani ya kijifuko cha chembe za mchanga, na baada ya siku kadhaa hutoka akiwa funza kamili anayetafuta mguu. Kwa jumla mzunguko huo huchukua kama mwezi mmoja.

Hii ndiyo sababu funza huzidi wakati wa kiangazi. Vumbi kavu, lenye joto na kivuli, ndilo makao anayoyapenda. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha hupungua uani, lakini ndani ya nyumba hakunyeshi, na katika ufa ulio chini ya kitanda anaweza kuendelea kuzaana mwaka mzima.

Madhara yake si ya kuchekwa

Funza mmoja huwasha na kuuma kidogo. Funza ishirini humzuia mtoto kutembea. Hutembea kwa visigino au kwa ubavu wa mguu, hushindwa kucheza na wenzake na mwisho huacha kwenda shule. Kucha hung'oka na vidole huharibika umbo. Wazee wanaoishi peke yao huumia zaidi, kwa kuwa hawaoni vizuri na hawawezi kuinama kujitazama miguu.

Hatari kubwa huja baadaye. Tundu la funza ni mlango ulio wazi, na bakteria huingia na kufanya usaha. Kupitia mlango huo huo huweza kuingia vijidudu vya pepopunda, ambavyo huishi katika udongo na katika samadi. Pepopunda huua. Mwaka 2010 serikali ya Uganda iliripoti kwamba watu wapatao 20 walikufa kutokana na madhara ya funza katika eneo la Busoga, ambalo si mbali na mpaka wetu.

Jambo lingine ni ile pini. Pini inayotoka mguu mmoja kwenda mwingine huweza kubeba damu yenye virusi vya Ukimwi au vya homa ya ini. Mtu asikubali kutolewa funza kwa pini iliyotumiwa na mwingine, hata kama mwingine huyo ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu haukutiliwa maanani kwa kuwa ni ugonjwa wa watu maskini. Hali hiyo imeanza kubadilika. Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kuzuia na kudhibiti funza mwaka 2014, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyaingiza maradhi ya wadudu wa ngozi, funza akiwamo, katika orodha yake ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Kwa nini sakafu hupasuka?

Kabla ya kuziba ufa ni vyema kujua ulivyotokea. Usipojua, utauziba leo na mwezi ujao utafunguka tena.

Sababu ya kwanza ni udongo wenye mfinyanzi mwingi. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na unaposinyaa hupasuka. Sababu ya pili ni kukauka upesi mno, hasa sakafu mpya inapoachwa na milango wazi katika jua na upepo. Ya tatu ni kusiriba juu ya sakafu kavu yenye vumbi. Tabaka jipya haliwezi kushikamana na vumbi, kwa hiyo hubanduka kama ganda. Ya nne ni sakafu ambayo haikushindiliwa vya kutosha tangu mwanzo, ikawa inabonyea chini ya miguu ya kitanda na meza. Ya tano ni mifugo. Kuku hupekua, mbuzi huchimba kwa kwato, na mkojo wao hulainisha udongo.

Jinsi ya kuziba nyufa

Kazi hii yaweza kufanywa na watu wawili kwa siku moja katika chumba kimoja, ingawa kukauka kutachukua siku kadhaa. Wakati mzuri ni siku zisizo na mvua kubwa wala jua kali. Vinavyohitajika ni jembe, ndoo au karai, chekeche, mchanga safi, udongo, mwiko wa mwashi, gogo la kushindilia, magunia makuukuu na chupa au jiwe laini la kusugulia.

1. Toa kila kitu nje. Vitanda, magunia ya mahindi na mihogo, mikeka na nguo vyote vitoke. Anika matandiko juani. Kuku na mbuzi nao watoke, na wasirudi.

2. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia. Ukifagia kwenye vumbi kavu utalirusha hewani na kulitawanya. Fagia kuanzia pembeni mwa kuta kuja mlangoni. Takataka hizo zisimwagwe uani mahali watoto wanapocheza. Zitie katika shimo, uzichome, kisha uzifukie. Mwenye kufagia avae viatu.

3. Panua ufa. Watu wengi hukosea hapa, kwani hupaka udongo juu ya ufa mwembamba bila kuugusa ndani. Tumia ncha ya panga au mwiko kuuchimba mpaka uwe mpana juu na mwembamba chini, na uondoe vumbi lote lililomo. Vumbi hilo ndilo lenye mayai na mabuu.

4. Tengeneza udongo wa kuzibia. Chekecha udongo ili kuondoa mawe na mizizi. Udongo wa kichuguu hufaa sana kwa kuwa hushikamana vizuri. Ili kujua kiasi cha mchanga kinachotakiwa, fanya majaribio madogo. Changanya udongo na mchanga kwa vipimo vitatu: kopo moja la udongo kwa moja la mchanga, moja kwa mawili, na moja kwa matatu. Paka kila mchanganyiko mahali pake, ukubwa wa sahani, uache siku mbili au tatu ukauke kivulini. Uliopasuka una mfinyanzi mwingi. Unaomomonyoka ukiusugua kwa kidole una mchanga mwingi. Tumia ule ulio katikati ya hiyo miwili.

5. Lowesha ufa. Nyunyiza maji ndani ya ufa mpaka kingo zake zilowe, lakini maji yasituame. Bila hivyo, udongo wa zamani utanyonya maji ya udongo mpya na kuufanya upasuke.

6. Jaza na kushindilia. Udongo uwe mgumu kiasi cha kufinyangika mkononi bila kutiririka. Ujaze kidogo kidogo huku ukiushindilia kila mara. Mashimo yaliyo chini ya kitanda na mlangoni yajazwe kwa changarawe au muramu kwanza, yashindiliwe, kisha yafunikwe kwa udongo.

7. Kausha polepole. Funika mahali ulipoziba kwa magunia yaliyoloweshwa kidogo, kwa siku mbili. Zikitokea nyufa ndogo mpya, zijaze tena kabla hazijakauka kabisa.

8. Sugua. Udongo unapokuwa umekauka nusu, mgumu lakini bado una ubaridi, usugue kwa chupa au jiwe laini mpaka ung'ae. Kusugua huko hufunga vitundu vidogo na kufanya sakafu ifagike vizuri.

Halafu mama anaweza kusiriba sakafu nzima kwa tabaka jembamba kama alivyozoea. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na udongo kwa sababu nyuzi za majani zilizomo huzuia kupasuka, na kwa kweli hupunguza vumbi. Hata hivyo tukumbuke yale tuliyosema juu ya pepopunda. Mwenye kidonda mkononi au mguuni asiikanyage wala kuishika samadi kwa mikono mitupu. Avae glavu, au ajifunge mfuko wa plastiki. Wagonjwa wa funza na watoto wachanga wasilale chumbani humo mpaka sakafu ikauke kabisa.

Dawa za kuua wadudu

Katika nyumba iliyovamiwa sana, kuziba nyufa pekee hakutoshi mwanzoni. Afisa wa afya ya umma anaweza kuleta dawa ya kunyunyizia sakafu na kuta, nayo inyunyizwe kabla nyufa hazijazibwa. Mwombeni kupitia kwa chifu au mhudumu wa afya ya jamii. Msinunue dawa ya mimea au ya kupe na kuinyunyiza mahali watoto wanapolala. Dawa hizo ni sumu, na watoto hukaa chini na kutia vidole mdomoni.

Saruji nayo je?

Mwenye uwezo wa kuweka saruji na aweke. Faida yake imethibitishwa. Nchini Mexico, serikali ilianza mwaka 2000 kuwawekea wananchi wa jimbo la Coahuila sakafu za saruji badala ya za udongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba iliyobadilishwa sakafu yote ilipunguza maambukizo ya minyoo na vimelea vingine kwa watoto kwa asilimia 78, kuharisha kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Ni faida ambayo dawa chache zinaweza kuleta.

Ikiwa fedha hazitoshi, anza na chumba wanacholala watoto. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ukichanganywa kwa kipimo kimoja cha saruji na vinne vya mchanga, hutosha karibu mita 4 za mraba kwa unene wa sentimita 3. Chumba cha mita 3 kwa 3 kitahitaji mifuko miwili na zaidi kidogo. Shindilia chini kwanza kwa mawe madogo au muramu, kwa maana saruji nyembamba juu ya udongo uliolegea hupasuka upesi, na ufa wa saruji humhifadhi funza sawasawa na ufa wa udongo. Inyunyizie maji kwa siku saba.

Kuna njia nyingine ya katikati. Nchini Rwanda, na baadaye Uganda, shirika la EarthEnable limekuwa likijenga sakafu za udongo ulioshindiliwa kwa matabaka, kisha hupakwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa magumu kama rangi. Sakafu ya namna hiyo inaweza kupigwa deki. Hilo linatuonyesha kwamba udongo wenyewe hauna ubaya. Ubaya ni vumbi na nyufa.

Wenye sakafu za mbao

Wanaoishi katika nyumba za zamani zenye sakafu za mbao wasidhani wamesalimika. Mbao husinyaa wakati wa kiangazi na mapengo hufunguka. Humo hukusanyika vumbi, makombo na nywele za mbwa na paka, na viroboto wa kawaida hutaga humo.

Kwanza kwangua uchafu wote kwa kisu butu na uondoe misumari iliyolegea. Pengo jembamba lizibwe kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno. Pengo pana lizibwe kwa kipande chembamba cha mbao kavu, kikiwa kimetiwa gundi upande mmoja tu ili mbao zipate nafasi ya kuvimba mvua zikija. Usitumie saruji, kwani mbao hucheza na saruji haichezi, itavunjika. Kama mbao zina rangi ya zamani, usizipige msasa zikiwa kavu, maana rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi ambayo ni sumu kwa watoto. Zilowe kwanza.

Wakati huo huo, tibu miguu

Sakafu na miguu vitibiwe pamoja. Mpeleke mgonjwa katika zahanati au kituo cha afya. Huko miguu huoshwa kwa sabuni, ikalowekwa kwa dakika 15 katika maji yenye potasiamu pamanganeti, ile dawa ya rangi ya zambarau, kisha ikapakwa mafuta ya kulainisha ngozi. Ipo pia dawa mpya zaidi, mafuta ya dimetikoni, ambayo huziba tundu la kupumulia la funza. Katika utafiti uliofanywa vijijini nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2014, mafuta hayo yaliua funza 78 katika kila 100 kwa muda wa siku saba, hali potasiamu pamanganeti iliua 39. Uliza kituoni kama yanapatikana.

Mafuta ya taa, petroli, asidi ya betri na dawa ya kuogeshea ng'ombe visitumiwe kamwe. Huchoma ngozi na kuongeza vidonda. Hakikisheni pia kwamba kila mtoto amemaliza chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambazo humkinga na pepopunda, na kila mama mjamzito ameipata yake kliniki.

Tusisahau nguruwe, mbuzi na mbwa. Katika wilaya ya Bugiri, kwenye barabara itokayo mpakani kwenda Jinja, watafiti wa Uganda waligundua kwamba nguruwe hubeba funza wengi sana kwenye kwato. Huku kwetu ambako nguruwe hufugwa karibu kila boma, banda lao lijengwe mbali na nyumba, na mbwa asilale chini ya kitanda cha mtoto.

Ratiba ya kufuata

Kila siku: nyunyiza maji, kisha fagia. Osha miguu ya watoto kwa sabuni kabla ya kulala na uikague kwenye mwanga.

Kila wiki: sogeza vitanda, tazama chini yake na pembeni mwa kuta. Ufa unaoingia ncha ya kidole cha mtoto uzibwe siku hiyo hiyo. Anika matandiko.

Kila mwezi: siriba upya mahali palipochakaa, hasa mlangoni.

Kila mwaka: fanya matengenezo makubwa mwezi wa Novemba, kabla ya kiangazi kuanza.

Kwa wazee na wajane wasio na nguvu za kushindilia sakafu, kikundi cha kinamama, kanisa au vijana wa mtaa wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa asubuhi moja. Si hisani tupu. Watoto huingia na kutoka katika nyumba za majirani siku nzima, na mayai ya funza hudondoka popote wanapokaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili la funza, ufa wa jirani nao ni wako.